Kusikiliza uvumi wa magonjwa Mombasa: huduma ipi yasikia, ipi yachungulia

Kipindupindu kikiingia Likoni, au chikungunya, homa ya viungo iletwayo na mbu, ikirudi Mvita, maneno hutangulia dawa. Yanaanzia kwenye foleni ya maji Majengo, yanapita kwenye mabaraza ya kahawa Kibokoni, na jioni yako ndani ya makundi ya WhatsApp ya wazazi Kisauni. Idara ya afya isipoyasikia mapema hujibu maswali ambayo hakuna aliyeuliza. Ndiyo maana siku hizi kuna huduma za kila namna za kusikiliza jamii wakati wa dharura: programu za kuchota machapisho mitandaoni, mawakala wanaouza ripoti za kila wiki, simu za bure, hata fomu za karatasi. Hapa tunazipima kwa mambo mawili. Je, zinasikia kweli yanayosemwa Mombasa? Na je, aliyesikizwa anabaki salama? La pili ndilo zito zaidi. Huduma inayosikia vizuri kisha ikamwacha msemaji mikononi mwa polisi au midomoni mwa majirani, tusiichukue hata ikitolewa bure.

Kwamba kusikiliza kunahitajika, hilo halina ubishi. Kaskazini mwa Msumbiji, pwani ya bahari hii hii yetu, maneno ya Kireno ya klorini na kipindupindu, cloro na cólera, yalikaribiana masikioni hadi watu wakaamini kwamba wanaotia dawa visimani ndio wanaotia ugonjwa. Mwaka 2009 wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu waliuawa huko. Kinyume chake ni mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 mashariki mwa Kongo. Wahudumu wa Msalaba Mwekundu waliandika maneno ya watu kama yalivyotamkwa, siku baada ya siku, na mengi yalihusu mashaka ya kile kinachofanyiwa maiti ndani ya mifuko. Jibu halikuwa hotuba. Ilitumika mifuko inayomwezesha jamaa kuuona uso wa marehemu wake kabla ya kuzika.

Mombasa yenyewe ina kisa chake. Mji wa Kale ulifungwa tarehe 6 Mei 2020, na watu wengi wakaogopa kwenda kupimwa Covid-19. Sababu iliyotajwa sana ilikuwa karantini: aliyepelekwa huko alitakiwa kulipia makazi yake mwenyewe. Hofu hiyo haikuwa uvumi. Gharama ilikuwapo kweli, mpaka serikali ilipotangaza kwamba itaibeba katika vituo vya umma. Mfumo wa kusikiliza ambao ungeyatupa maneno "tutalipishwa" katika kapu la habari potofu ungeifanya idara ikanushe jambo la kweli mbele ya watu wanaolijua. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kutazama katika huduma yoyote ni makapu yake. Swali, malalamiko, uvumi, pendekezo na shukrani ni vitu vitano tofauti. Huduma yenye kapu moja tu liitwalo "upotoshaji" iachwe hapo hapo mezani.

Tuanze na dashibodi za kulipia, yaani zile programu za kuchota machapisho, maana ndizo zinazonadiwa zaidi. Skrini ina grafu za rangi, ramani, na idadi ya machapisho yanayotaja ugonjwa. Uliza mara moja: data hii inatoka wapi? CrowdTangle, iliyokuwa ikitumiwa sana kufuatilia kurasa za Facebook, ilifungwa na Meta, wenye Facebook, tarehe 14 Agosti 2024. Iliyofuata, Meta Content Library, hupewa watafiti wa vyuo na mashirika yasiyo ya faida baada ya kuomba na kukubaliwa. X (zamani Twitter) ilifunga mlango wake wa bure wa kuchota machapisho mwaka 2023. Wakala anayedai leo anaona "mitandao yote" ama analipia kidogo na kuona kidogo, ama anachota kwa njia asiyotaka kuieleza. Yote mawili yaandikwe katika mkataba, la sivyo usitiwe sahihi.

Kasoro kubwa zaidi ni lugha. Programu hizi husaka maneno ya Kiswahili sanifu, na watu wa Mvita hawaandiki hivyo wakiwa wao kwa wao. Mtu akiandika "kitwa chaniuma, mato yaniwaka", mashine inayosaka "kichwa" na "macho" inampita tu. Akiandika "ndoo" akimwita mwenziwe aje, mashine inahesabu ndoo ya maji, na katika msimu wa kipindupindu hesabu hiyo inaingia kwenye grafu. Ongeza kwamba mazungumzo mengi ya mji huu ni ujumbe wa sauti, ambao dashibodi haziufikii. Kinachobaki kwenye skrini ni sauti za wachache wanaopenda kuandika hadharani, wengi wao si wakazi wa mitaa yenye ugonjwa. Anayelazimika kuitumia aketi na wazee na vijana wa Mvita, Jomvu na Likoni, atengeneze orodha ya maneno kama sitini hivi kwa ugonjwa mmoja, kisha kila wiki asome kwa macho yake machapisho hamsini yaliyookotwa aone mangapi yanahusika kweli. Yakiwa chini ya nusu, orodha irekebishwe kabla ya ripoti kutoka.

Kuhusu maadili, mawakala wana hoja moja wanayoirudia: aliyeandika hadharani amekubali kusomwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawapa kipenyo kidogo, kwa kuwa kifungu cha 28 kinaruhusu kukusanya data bila kumuuliza mhusika ikiwa yeye mwenyewe aliifanya ya umma kwa makusudi. Lakini ruhusa hiyo haivunji kanuni za kifungu cha 25: kukusanya kwa kusudi lililo wazi, kuchukua kinachohitajika tu, kutohifadhi kupita muda wa haja. Mama aliyeandika "mwanangu ana vipele, nifanyeje?" alikuwa akiomba msaada kwa wenziwe. Hakukubali jina na picha yake vikae katika lahajedwali ya wakala miaka mitatu. Na hali ya afya ya mtu, kwa sheria hiyo hiyo, ni data nyeti. Dashibodi inayofaa huondoa jina, picha na kiungo cha chapisho kabla binadamu yeyote hajaisoma. Tukiona safu ya "majina ya akaunti" katika ripoti ya majaribio, tunaikataa huduma bila kuendelea.

Google Trends ni ya bure na haimjui mtu. Inaonyesha kaunti inatafuta nini, kwa kipimo cha 0 hadi 100, ambacho ni uwiano wala si idadi ya watu. Yafaa kujua kwamba swali fulani limepanda wiki hii. Haikuambii kwa nini, wala haishuki hadi mtaani. Itumie kama kidokezo tu.

Redio ni hazina inayosahaulika. Vipindi vya kupiga simu vya stesheni za Pwani hubeba maswali ambayo hayafiki Facebook kamwe, na kwa Kiswahili cha watu wenyewe. Jirani zetu Uganda walishapita njia hii: maabara ya Umoja wa Mataifa ya Pulse Lab Kampala ilitengeneza programu ya kugeuza mazungumzo ya redio kuwa maandishi, pamoja na ya Kiluganda na Kiacholi. Hapa si lazima kungoja programu. Wasikilizaji wawili kwa kila kipindi, kila mmoja akiandika peke yake, kisha wakilinganisha: wakitofautiana sana, kipindi kisikizwe tena. Aliyepiga simu redioni alijua anasikika, kwa hiyo kuandika hoja yake hakumvamii. Hata hivyo jina alilojitaja lisiandikwe. "Mpigaji, mwanamke, Likoni" yatosha.

Sasa WhatsApp, ambako ndiko kwenye shida hasa. Kuna huduma zinazojivunia kwamba "zimo" ndani ya makundi mengi ya mitaa. Maana yake ni kwamba mtu wao ameingia kwa kiungo cha mwaliko, akakaa kimya kwa jina lisilo lake, akawa ananakili. Kundi la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024, na wakala atakwambia kwamba umati kama huo ni uwanja wa wazi. Si kweli. Wanakikundi wanazungumza wakijua ni wa msikiti mmoja, wa kanisa moja, au wa shule moja. Mtu aliyejificha mle ni mdukuzi wa mazungumzo hata kama nia yake ni kuzuia ugonjwa. Siku akijulikana, na mji huu hauna siri ya kudumu, idara ya afya hupoteza mlango wa kundi hilo na wa makundi jirani yote. Huduma ya namna hii hatuipendekezi kwa bei yoyote.

Iliyo halali ni namba ya kupokea: mwananchi mwenyewe anatuma ujumbe uliomtia shaka, anauliza, anajibiwa. Hii hufanya kazi vizuri ikiandaliwa sawasawa, na huharibika kwa mambo madogo. Simu iwe ya kazi, si ya karani. Zima upakuaji wa picha na video wa kujiendesha, la sivyo galari itajaa picha za wagonjwa. Zima pia nakala ya Google Drive, maana wengi hufuta mazungumzo kwenye simu na kusahau kwamba nakala yake inaishi kwingine. Washa ujumbe unaojifuta baada ya siku 7. Karani anakili maneno kwenye fomu, anajibu, kisha anafuta mazungumzo jioni hiyo hiyo. Ujumbe wa sauti usikizwe, uandikwe, ufutwe. Usipelekwe kwa mtu mwingine "asikie mwenyewe", kwa sababu sauti ni utambulisho kama sura. Kuna alama moja ya kuandika kila mara: je, ujumbe ulikuja ukiwa umeandikwa kwamba umesambazwa mara nyingi? Alama hiyo hutokea ujumbe ukishapita mikono mitano au zaidi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hupelekwa kwa mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Inakuonyesha ukubwa wa uvumi bila kukuonyesha aliyeutuma.

Simu za bure, kama 719 ya Wizara ya Afya iliyotumika wakati wa Covid-19 na 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, zina faida ya kujibu papo hapo. Upungufu wake ni kwamba anayepiga ni yule ambaye tayari ana imani kidogo. Aliyekata tamaa hapigi. Tukiomba takwimu za simu hizi, tuombe maswali na eneo, kamwe tusiombe orodha ya namba.

Tunayoipa alama ya juu kabisa ni ya bei nafuu kuliko zote: fomu ya karatasi ya nusu ukurasa, mkononi mwa mhudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 Kenya iliwapa wahudumu hawa zaidi ya 100,000 vifaa vyao vya kazi, na tayari wanabisha hodi nyumba kwa nyumba. Fomu ina sehemu nane: tarehe, wadi, mahali maneno yaliposikika, maneno yenyewe, kapu lake kati ya yale matano, mara ngapi yamesikika wiki hiyo, kiwango cha hatari, na jibu lililorudishwa pamoja na tarehe yake. Haina nafasi ya jina, simu, nyumba, kabila wala dini. Nafasi isipokuwapo, haijazwi. Hiyo ni kinga bora kuliko kumhimiza karani awe mwangalifu.

Sehemu ya "maneno yenyewe" ndiyo moyo wa kazi, na ndiyo inayoharibiwa mara nyingi. Chukua mfano. Mtu kwenye foleni ya maji anasema: "Wasema homa hii yaletwa na maji ya bauza, tangu tuyanunue, watoto waumwa na viungo." Mhudumu aliyesoma semina nyingi ataandika: "Jamii ina imani potofu kuhusu chanzo cha chikungunya." Hapo kila kitu kimekufa. Katika maneno ya asili mna habari tatu: mtaa umekosa maji ya mfereji, watu wananunua ya bauza, yaani lori la tangi, na maumivu ya viungo yameanza baada ya hapo. Mtaalamu wa wadudu akiyasoma anajua pa kwenda. Maji hayaleti chikungunya, lakini maji yaliyonunuliwa kwa shida huwekwa katika mapipa na matangi siku nyingi, na mbu aina ya Aedes hutaga humo humo, ukutani mwa chombo juu kidogo ya maji. Kutoka yai hadi mbu mzima ni kama wiki moja au siku kumi, naye huuma mchana. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwani mayai hushika ukutani na huvumilia ukavu miezi kadhaa; pipa lisuguliwe kwa brashi kila wiki, kisha lifunikwe. Mwenye uvumi alikuwa amekosea nusu na kupatia nusu. Mlipuko wa Desemba 2017 hadi Februari 2018 uliwagusa watu zaidi ya 400 Mombasa, na nusu hiyo ya ukweli ndiyo inayookoa.

Jibu nalo lina utaratibu. Anza na ukweli, litaje kosa mara moja tu bila kulipamba, rudi kwenye ukweli, malizia na kitu cha kufanya leo. Tuseme uvumi ni kwamba dawa ya maji inaua uzazi. Jibu: tembe moja ya klorini ya miligramu 67 husafisha mtungi wa lita 20 wa maji maangavu, subiri dakika 30 ndipo unywe. Kuna maneno kwamba inaharibu uzazi. Sivyo, kiasi hiki ni cha kuua vijidudu vya majini tu. Maji yakiwa na tope, yachuje kwa kitambaa kwanza na utie tembe mbili. Uvumi unaomzuia mtu kunywa maji ya chumvi na sukari au kwenda hospitali ujibiwe ndani ya saa 24. Usiomdhuru mtu ungoje ripoti ya wiki, na mwingine uachwe ufe wenyewe, kwa maana kuujibu ni kuupa miguu.

Mitego miwili ya fomu hii. Wa kwanza: mhudumu ana simu yenye rekodi za kila kaya, na ni rahisi kuandika uvumi pale pale kwenye faili la nyumba. Hilo likatazwe kabisa. Siku hiyo kaya inakuwa na alama ya "wenye kupinga chanjo", na alama kama hiyo haifutiki. Wa pili: hesabu ndogo. Ripoti ikisema "mwanamke mmoja, Kuze, aliuliza kuhusu mpox", Kuze nzima itajua ni nani kabla ya adhuhuri. Hesabu iliyo chini ya 5 iunganishwe na ya wadi jirani, au iandikwe kwa kaunti ndogo nzima, yaani Mvita.

Swali la polisi haliepukiki. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kilipotungwa, kilimpa anayechapisha kwa makusudi habari za uongo za kuleta taharuki faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Machi 2020 watu walikamatwa nchini kwa machapisho kuhusu Covid-19. Mwananchi anayejua hayo akiona idara ya afya inakusanya maneno, ana haki ya kuuliza maneno yanaishia wapi. Mkataba wa huduma yoyote useme waziwazi kwamba data haitolewi kwa vyombo vya usalama pasipo amri ya mahakama. Kinga yenye nguvu zaidi ni kutokuwa na cha kutoa: fomu isiyo na jina haimpeleki mtu kituoni. Wakala akisita kuandika kipengele hiki, amekwisha kukujibu.

Mwenye kutaka kuanza hahitaji fedha nyingi. Wahudumu wawili kwa kila kaunti ndogo, zote sita kuanzia Changamwe hadi Likoni, hiyo ni watu 12. Karani mmoja wa kuunganisha, mtu wa maabara au wa wadudu wa kuthibitisha, na simu moja ya kupokea. Kikao cha dakika 45 kila asubuhi wakati wa mlipuko, mara moja kwa wiki wakati wa utulivu. Majibu yabandikwe pale maneno yalipotoka, penye foleni ya maji, msikitini, kanisani na kivukoni, maana aliyeuliza na asione jibu hataongea tena. Fomu zikatwekatwe siku ya 90, na tarehe iandikwe. Data ikivuja, Kamishna wa Data, msimamizi wa Sheria ya Ulinzi wa Data, ajulishwe ndani ya saa 72.

Kizuizi kimoja huwashtua wengi wakiwa wamechelewa. Kazi yenye hatari kubwa kwa haki za watu inahitaji tathmini ya athari kwa mujibu wa kifungu cha 31 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, na ripoti yake hupelekwa kwa Kamishna siku 60 kabla ya kuanza. Kipindupindu hakingoji siku 60. Masika ya Pwani huanza mwishoni mwa Machi na kushika kasi Mei, kwa hiyo karatasi hizo ziwe zimefika kabla ya katikati ya Januari. Kwa mvua za vuli za Oktoba, Julai haijawa mapema.